Mjusi wa Tendaguru na Watu Waliombeba

Askari ye yote aliyewahi kutembea kwa miguu siku nne mfululizo, mzigo ukiwa mgongoni na jua utosini, hana haja ya kuelezwa uzito wa kilo 30. Basi na afikirie safari ya namna hiyo ambayo ndani ya mzigo hamna unga, wala risasi, wala blanketi. Mna jiwe. Na jiwe lenyewe ni kipande cha mfupa wa mnyama aliyekufa yapata miaka milioni 150 iliyopita.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mamia ya watu wa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania, kati ya mwaka 1909 na mwanzo wa mwaka 1913. Walitoka katika kilima kiitwacho Tendaguru, jina ambalo kwa lugha ya Wamwera maana yake ni kilima chenye mteremko mkali, wakashuka hadi bandari ya Lindi, wakatua mizigo yao pwani, kisha wakarudi kuchukua mingine. Mizigo hiyo ilihesabiwa kwa maelfu, na uzito wake wote ulizidi tani 200. Ilipofika Ujerumani, ikafunguliwa na kuunganishwa kipande kwa kipande kwa muda wa miaka mingi, likatokea umbo la mjusi mwenye kimo cha mita 13 na sentimita 27. Yupo hadi leo katika jumba la makumbusho mjini Berlin, na hakuna mifupa halisi ya dinosaria iliyosimamishwa mahali po pote duniani inayompita kwa kimo.

Wageni huja kutoka kila pembe ya dunia kumtazama. Wachache miongoni mwao hujiuliza alifikaje pale.

UMRI USIOHESABIKA KWA VIDOLE

Wataalamu wa miamba wamegawanya historia ya dunia katika vipindi, kama vile mwanahistoria anavyogawanya tawala za wafalme. Kipindi alichoishi mjusi huyu huitwa Jurasi. Kilianza kama miaka milioni 201 iliyopita, kikamalizika miaka milioni 145 iliyopita. Jina lenyewe limetokana na milima ya Jura iliyo mpakani mwa Ufaransa na Uswisi, ambako mwaka 1795 mtaalamu wa Kijerumani, Alexander von Humboldt, aliyapa jina hilo mawe ya chokaa aliyoyakuta huko. Hivyo mnyama wa Lindi anahesabiwa katika kipindi chenye jina la mlima wa Ulaya, jambo ambalo limezoeleka mno katika elimu hii hata halimshangazi mtu.

Miaka milioni 150 ni hesabu inayoponyoka akilini. Pengine gwaride litasaidia. Chukua kwamba kila mwaka ni hatua moja ya askari uwanjani, yaani sentimita 75. Miaka yote tangu Uhuru wa Uganda mwaka 1962 isingetosha kumvusha askari huyo uwanja wa mpira kwa urefu wake. Lakini ili afike siku za mjusi wa Tendaguru, ingempasa kuizunguka dunia nzima karibu mara tatu, bila kukosa hatua.

Wakati Jurasi inaanza, mabara yote yalikuwa yameshikamana yakawa nchi kavu moja, ambayo wataalamu huiita Pangea. Mtu angeweza, kama mtu angalikuwapo, kutoka mahali palipo Tanga leo na kufika Madagaska au Bara Hindi bila kulowesha miguu. Kisha nchi hiyo ilianza kupasuka. Katikati ya kipindi hicho Madagaska, ikiwa bado imeshikamana na Bara Hindi, ilianza kujitenga na Afrika, na katika ufa uliobaki maji ya chumvi yakaingia. Ufa huo uliendelea kupanuka hata ukawa sehemu ya bahari ambayo baadaye majahazi yalipita yakifuata upepo wa kaskazi na kusi. Kwa maneno mengine, pwani ya Afrika ya Mashariki ni kazi ya Jurasi.

Alama zake zinaonekana kwa macho. Mapango ya Amboni, kaskazini ya mji wa Tanga, ambayo watu wengi huyazuru na wengine huyaogopa, yamechimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa yaliyotandazwa na bahari ile ya kale. Na msafiri atokaye Mombasa kuelekea bara, anapopita Changamwe na Miritini, hukanyaga matope ya bahari hiyo hiyo yaliyogeuka mawe. Ndani yake zimepatikana amonaiti, yaani magamba ya viumbe wa baharini yaliyojisokota kama pembe ya kondoo dume. Viumbe hao walikuwa jamaa wa ngisi na pweza, na walitoweka duniani pamoja na dinosaria wakubwa.

KILIMA KILIPOKUWA UFUKWE

Tendaguru iko kama kilomita 60 kutoka Lindi, upande wa kaskazini-magharibi, na leo hakuna bahari karibu. Lakini tabaka za miamba yake zinaeleza habari nyingine. Tabaka yenye mifupa ya dinosaria imelaliwa na tabaka ya mchanga wenye magamba ya chaza wa baharini. Juu yake tena kuna mifupa, na juu ya mifupa tena magamba. Maana yake ni kwamba mahali hapo palikuwa ukingo wa bahari, penye vidimbwi vya maji ya chumvi na tope la kujaa na kupwa, na bahari ilipanda na kushuka zaidi ya mara moja.

Nyuma ya ufukwe huo palikuwa na misitu, lakini si misitu ambayo macho ya leo yangeitambua upesi. Hapakuwa na ua hata moja. Hapakuwa na nyasi, na kwa hiyo hapakuwa na mtama, wala mahindi, wala mpunga. Mgomba haukuwako. Palikuwa na miti ya jamii ya misonobari, mikangaga, na mimea ya jamii ya mtapo.

Humo ndimo walimotembea wanyama ambao mifupa yao imepatikana. Mkubwa wao ndiye yule aliyesimamishwa Berlin. Kwanza aliitwa Brachiosaurus. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, yaani twiga jitu, na jina hilo linamfaa, kwa kuwa miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma na shingo yake ilipanda juu kama ya twiga. Mfupa mmoja tu wa mguu wake wa mbele, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko, una urefu wa zaidi ya mita 2. Uzito wake alipokuwa hai hukadiriwa kuwa tani 30 hivi au zaidi, yaani kama ndovu madume watano au sita waliowekwa kwenye mizani moja. Alikula majani tu.

Chini yake alipita Kentrosaurus, mnyama wa mita 4 au 5 aliyekuwa na vibamba mgongoni na miiba mirefu kiunoni na mkiani. Walikuwako pia dinosaria wala nyama, na wale wadogo waliokimbia kwa miguu miwili. Na katika udongo huo huo yamepatikana mataya ya wanyama wanyonyeshao, wadogo kama kirukanjia, ambao pengine walitoka usiku wakati majitu yamelala. Hao hawakuwa na sura ya kutisha, lakini ndovu, simba na binadamu wote ni wa ukoo wa wanyonyeshao.

Baadhi ya majitu yale yalikufa kifo kibaya. Mifupa ya miguu yao ilikutwa imesimama wima ardhini, na wachimbaji walifikiri kwamba wanyama hao walizama katika tope, wakashindwa kujinasua, wakafa wakiwa wamesimama. Dereva wa lori la jeshi aliyewahi kunaswa katika kinamasi wakati wa masika anaweza kuliona jambo hilo bila picha. Tope likawafunika, maji yenye madini yakapenya ndani ya mifupa kidogo kidogo, na baada ya muda mrefu mfupa ukawa jiwe lenye umbo la mfupa. Kitu cha namna hiyo ndicho kiitwacho kisukuku.

KUKU, MTAPO NA PETROLI

Si mambo yote ya Jurasi yaliyobaki kaburini. Mama anayetayarisha kuku jikoni anashika mkononi mzao wa dinosaria. Mwaka 1861, katika mawe ya chokaa ya Bavaria, Ujerumani, kulipatikana kisukuku cha kiumbe aliyeishi karibu wakati mmoja na mjusi wa Tendaguru, mwenye manyoya na mabawa kama ndege, lakini mwenye meno mdomoni na mkia mrefu wa mifupa kama mjusi. Aliitwa Archaeopteryx. Tangu hapo ushahidi umezidi kuongezeka, na leo wataalamu karibu wote wanakubaliana kwamba ndege walitokana na dinosaria wadogo wala nyama. Magamba yaliyo kwenye miguu ya kuku ni ushahidi mmoja. Mwingine ni ule mfupa mdogo wa kidarini wenye umbo la panda ya manati, ambao watoto hupenda kuuchezea baada ya chakula: dinosaria wala nyama nao walikuwa nao.

Ukoo wa mtapo nao ungaliko. Wenyeji wa pwani ya Kenya na Tanzania wanaujua mmea huu wenye majani magumu kama ya mnazi mfupi na kitu kama gunzi kubwa katikati, na wazee wao walijua namna ya kutoa unga katika shina lake wakati wa njaa, baada ya kuuloweka siku nyingi ili sumu itoke. Asiyeijua kazi hiyo asiijaribu kamwe. Humu Uganda iko mitapo ya aina yake, isiyoota mahali pengine po pote duniani, katika bonde la mto Mpanga, karibu na maporomoko yake kabla haujaingia Ziwa George. Aina hiyo yenyewe si ya siku za Jurasi, lakini ukoo wake ulikuwako wakati ule, na imo katika orodha ya mimea iliyo karibu kabisa kupotea. Wanaoing'oa ili kuipanda mbele ya nyumba kama pambo huenda hawajui kinachoondolewa.

Ama petroli, nyingi ya ile inayotoka Bara Arabu ni urithi wa kipindi hicho. Kisima kikubwa kuliko vyote vya mafuta duniani, kile cha Ghawar huko Saudia, kilichogunduliwa mwaka 1948, kimejaa mafuta yaliyotokana na viumbe vidogo vya bahari ya Jurasi na kuhifadhiwa katika mawe ya chokaa ya bahari hiyo. Mafuta ya Bunyoro, ambayo kupatikana kwake kulitangazwa mwaka 2006, ni ya miamba michanga zaidi, na Jurasi haina sehemu ndani yake.

MIFUPA KATIKA NCHI YENYE MAJERAHA

Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alikuwa akipita karibu na Tendaguru akitafuta madini kwa ajili ya kampuni yake, akaona mifupa mikubwa mno ikitokeza ardhini. Vitabu vingi humtaja yeye kuwa ndiye mgunduzi. Hapo pana neno la kusema. Mifupa hiyo ilikuwa juu ya ardhi, katika nchi yenye watu na mashamba. Haielekei kwamba watu waliolima na kuwinda hapo kwa vizazi hawakuiona hata mgeni alipopita siku moja.

Mwaka huo, 1906, haukuwa mwaka wa amani. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 vilikuwa bado havijaisha. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na akiba za vyakula, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio mengine ya waliokufa hufikia 300,000. Kusini ndiko kulikoumia zaidi. Kwa hiyo, Profesa Eberhard Fraas wa Stuttgart alipofika kuikagua mifupa mwaka 1907, na Werner Janensch na Edwin Hennig wa Berlin walipokuja kuichimba mwaka 1909, walikuta watu waliokuwa wametoka tu kuzika jamaa zao, wenye kuhitaji chakula na fedha ya kodi. Serikali ya kikoloni nayo iliitangaza ardhi ya kilima kuwa mali ya dola, pasiwe na mtu wa kuuliza mifupa ni ya nani.

Watu wakaja kuomba kazi. Mwaka wa kwanza walikuwa chini ya 200. Mwaka 1911 walikaribia 500. Wengi walikuja na wake zao na watoto wao, na kambi ikawa kijiji kikubwa. Waliongozwa na Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wafanyakazi, ambaye Wajerumani wenyewe walimsifu kwa ustadi wake. Kazi hiyo haikuwa ya jembe na nguvu tu. Mfupa uliokaa ardhini miaka milioni 150 hupasuka ukiguswa vibaya, na ilipasa kuufunua polepole, kuuimarisha kwa gundi, kuufunika kwa plasta au udongo, kisha kuufunga kwa mianzi usije ukavunjika njiani. Wachimbaji walijifunza kutambua mfupa gani ni wa mguu na upi ni wa mgongo kabla haujatoka wote. Katika majumba ya elimu ya Ulaya mtu mwenye ujuzi huo angeitwa fundi au mtaalamu. Katika daftari la malipo ya Tendaguru aliandikwa kibarua.

Na baada ya fundi, mpagazi. Huko hakukuwa na reli wala barabara ya gari, na ng'ombe wa kukokota hawakuweza kuishi kwa sababu ya mbung'o. Mifupa mirefu iligawanywa vipande, ikagawiwa watu, na msafara ukaondoka.

JINA LA ADUI ASIYEKAMATIKA

Mwaka mmoja na miezi baada ya uchimbaji wa Wajerumani kwisha, Vita Kuu ya Kwanza ilianza, na mwishowe ikafika mle mle. Mnamo Oktoba 1917 ilipiganwa vita vikali ya Mahiwa, katika bara la Lindi, ambamo askari wa Keya na Wanijeria walipambana na majeshi ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Jenerali huyo hakukamatwa hata vita vilipokwisha mwaka 1918. Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja wa Kijerumani alimpa dinosaria mdogo wa Tendaguru jina la Dysalotosaurus lettowvorbecki. Sehemu ya kwanza ya jina hilo maana yake ni mjusi asiyekamatika kwa urahisi, na sehemu ya pili haihitaji tafsiri. Wapagazi wa vita hivyo, waliokufa kwa makumi ya maelfu katika pande zote mbili, hawakupewa mnyama.

Waingereza walipoitawala nchi hiyo nao walikwenda Tendaguru. Msafara wao ulianza mwaka 1924 chini ya William Cutler, akisaidiwa na kijana aliyezaliwa Kabete, Kenya, Louis Leakey, ambaye baadaye alipata sifa kwa kazi yake ya Olduvai. Cutler alikufa kwa malaria mwaka 1925. Kazi iliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, lakini haikupata mnyama aliyekamilika kama yule wa Berlin.

Mjusi wa Berlin alisimamishwa mwaka 1937. Vita vya pili vilipokuja, mabomu yaliharibu sehemu ya jumba na mifupa mingine ya Tendaguru ikapotea, ila yeye alisalimika. Kwa miaka 40 jumba hilo lilikuwa upande wa Ujerumani ya Mashariki. Mwaka 2007 alisimamishwa upya, miguu ya mbele ikanyooshwa na mkia ukainuliwa, kwa kuwa elimu ilikuwa imesahihisha makosa ya zamani.

Katika Tanzania swali la kumrudisha limeulizwa mara nyingi, hata Bungeni. Wapo wanaosema mali iliyochukuliwa wakati wa ukoloni ni lazima irudi. Wapo wanaoogopa gharama za kumtunza mnyama wa mawe ambaye hata Wajerumani wamemjengea ukumbi maalum. Mwaka 2018 serikali ilieleza kwamba haikusudii kudai mifupa hiyo, bali inataka ushirikiano katika uchimbaji na utalii. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji. Wakazi wa Lindi wasioweza kulipa nauli ya ndege bado hawajamwona mjusi wao.

Jambo moja limerekebishwa, ijapokuwa kwa kuchelewa. Mwaka 2007 dinosaria mwingine wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima ya Boheti bin Amrani. Na mwaka 2019 mkia wa mjusi mkubwa uliokuwa umekaa Berlin kwa zaidi ya karne moja ulipatiwa jina la Wamweracaudia keranjei: neno la kwanza ni la Wamwera, wenyeji wa nchi hiyo, na la pili ni la Mohammadi Keranje, mchimbaji aliyeupata. Wenzake mia kadhaa waliobeba mizigo hawajapata majina katika vitabu hivyo.

Kilima chenyewe kingali kimezungukwa na pori. Baadhi ya mizigo iliyofungwa kwa mianzi wakati ule imo katika ghala la Berlin hadi leo, haijafunguliwa.